Festo Kivengere, askofu wa Kigezi aliyekataa kumchukia Idi Amin

Zaidi ya miaka 35 imepita tangu Askofu Festo Kivengere afariki dunia, lakini jina lake bado linatajwa makanisani pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Rwanda. Alikuwa mwalimu, mkalimani, mhubiri na hatimaye askofu wa Kanisa la Anglikana. Wengi, hata hivyo, humkumbuka kwa jambo moja. Mwaka 1977, akiwa mkimbizi ambaye askofu mkuu wake alikuwa ameuawa mwaka huohuo, alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin.

Jina hilo liliwashtua watu. Wakati huo familia nyingi za Uganda zilikuwa zikiwatafuta ndugu zao waliochukuliwa na askari na wasirudi. Je, mchungaji anaweza kumpenda mtawala anayeua kondoo wake bila kuwasaliti waliouawa? Maisha ya Kivengere yalikuwa jibu la swali hilo, na jibu lenyewe lilianza miaka mingi kabla Amin hajashika madaraka.

Kijana wa wafugaji

Festo Kivengere alizaliwa mnamo mwaka 1919 katika eneo la Rujumbura, ambalo leo limo wilayani Rukungiri, kusini magharibi mwa Uganda. Alitoka katika ukoo wa watawala wa eneo hilo, watu wa kufuga ng'ombe wa pembe ndefu, na utotoni mwake alichunga mifugo kama watoto wenzake. Shule ya wamisionari ilipofika karibu na nyumbani kwao alijifunza kusoma, akaendelea hadi akawa mwalimu, kisha akarudi kufundisha kwao Kigezi.

Aliporudi alikuta mambo yamebadilika. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe mjini Kampala, Mganda mmoja aitwaye Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, walikutana wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Kutokana na urafiki huo, na kutokana na kazi ya Wanyarwanda na Waganda waliokuwa Gahini, akiwamo Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi aliyefariki Januari 1936, ukazuka uamsho uliovuka mipaka na kuingia Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya. Mji wa Kabale uliguswa mapema, kwani mkutano mkubwa wa uamsho ulifanyika huko mwaka 1935.

Wafuasi wa uamsho huo, walioitwa Balokole, yaani waliookoka, waliungama dhambi zao hadharani. Aliyeiba alirudisha mali, na aliyemchukia jirani alikwenda kumwambia na kumwomba radhi. Kwa mwalimu kijana aliyekuwa amebatizwa lakini imani ikawa imempoa, hali hiyo ilikuwa kero. Kivengere alipenda pombe na mazungumzo ya wasomi wenzake, na hakutaka kusikia habari za wokovu kila alikopita.

Jumapili moja mwanzoni mwa miaka ya 1940, binti mmoja wa ukoo wake alisimama kanisani akasema mbele ya watu wote kwamba ana hakika Festo atamrudia Mungu. Kivengere alitoka kwa hasira, akaenda kunywa. Jioni, akiwa anarudi nyumbani kwa baiskeli, alikutana njiani na rafiki yake, mwalimu mwenzake, ambaye naye alikuja kwa baiskeli akikimbia sana. Rafiki huyo alimwambia kwamba saa chache zilizopita Kristo amekuwa hai kwake, na kwamba amekuja kumwomba msamaha kwa mambo matatu. Akayataja yote matatu, akaomba radhi, akaenda zake.

Yule rafiki hakugusa habari ya ulevi wa Kivengere wala kumtisha kwa moto wa jehanamu. Alizungumzia makosa yake mwenyewe tu. Kwa mtu aliyekuwa amejiandaa kujibu lawama, hapakuwa na lawama ya kujibu. Kivengere alifika nyumbani, akapiga magoti kando ya kitanda chake, na tangu siku hiyo akajihesabu kuwa mmoja wa waliookoka. Kwa maisha yake yote yaliyofuata aliendelea kuamini kwamba njia aliyofikiwa nayo jioni ile ndiyo njia ambayo Mkristo anapaswa kumfikia mtu mwingine.

Safari ya maili 50

Imani hiyo mpya ilidai gharama mara moja. Kulikuwa na Mwingereza mmoja aliyeishi umbali wa maili 50, karibu kilomita 80, ambaye Kivengere alimchukia kwa muda mrefu. Zama zile za ukoloni hakukosa sababu za kumchukia, na mwanzoni alijitetea moyoni kwamba Mwingereza huyo ndiye mwenye makosa. Lakini alijiona hawezi kuendelea kuhubiri upendo huku akibeba chuki hiyo. Alipanda baiskeli yake, akapita vilima vya Kigezi hadi kwa mtu huyo, akamwambia kwamba alikuwa akimchukia na kwamba amekuja kuomba msamaha. Wawili hao walilia pamoja.

Kisa hicho alikisimulia mara nyingi katika mahubiri yake. Hakukitumia kuonyesha kwamba ukoloni ulikuwa halali, wala kwamba mnyonge ndiye anayepaswa kuomba radhi siku zote. Alichosisitiza ni kwamba chuki ilikuwa imemfunga yeye aliyeibeba, na kwamba huru wa kweli ni yule anayeweza kumtazama adui yake kama binadamu.

Mwaka 1943 alimwoa Mera, na Mungu akawajalia mabinti wanne. Miaka mitatu baadaye walihamia Tanganyika, ambako Kivengere alifundisha katika shule ya sekondari ya Alliance mjini Dodoma hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Huko ndiko Kiswahili kilikokuwa lugha yake ya kazi na ya mimbari. Ufasaha wake ulijulikana kiasi kwamba mwaka 1960, mhubiri Mmarekani Billy Graham alipozuru Afrika Mashariki, Kivengere alichaguliwa kuwa mkalimani wake. Baadaye alisoma theolojia mjini Pittsburgh nchini Marekani, akapewa daraja takatifu mwaka 1967. Mwaka 1971 alianza kuongoza katika Afrika Mashariki shirika la uinjilisti la African Enterprise, ambalo Michael Cassidy wa Afrika Kusini alikuwa amelianzisha mwaka 1962.

Umaarufu haukumfanya ajifiche nyuma ya mimbari. Kisa kimoja alichozoea kusimulia kilihusu siku aliyogombana na mkewe dakika chache kabla ya kwenda kuhubiri. Alitoka nyumbani akiwa amekasirika, Biblia mkononi, watu wakimngoja. Njiani alihisi moyoni kwamba Roho wa Mungu hafuatani naye, bali amebaki jikoni na Mera, naye akitaka kuhubiri aende peke yake. Alirudi, akamwomba mkewe msamaha, ndipo akaenda kanisani. Wasikilizaji walicheka kila aliposimulia, lakini kila mwenye ndoa alielewa.

Hatari ya kuhukumu

Uamsho uliozaliwa kwa kuomba radhi haukukosa ugonjwa wa kuhukumu. Kadiri miaka ilivyopita, baadhi ya ndugu walianza kupima wokovu wa wenzao kwa mavazi, kwa mikopo waliyochukua, kwa samani za nyumbani. Kuungama, ambako mwanzo mtu alikufanya kwa hiari juu ya dhambi zake mwenyewe, kukageuka kuwa kuchunguza dhambi za mwingine. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndugu wa Uganda walikuwa wamegawanyika. Upande mmoja ulikuwa na waliodai kwamba wenzao wamelala na wanahitaji kuamshwa upya kwa masharti makali. Upande mwingine ulisema kwamba neema ya Mungu hainunuliwi kwa masharti.

Kivengere alikuwa upande wa neema. Alijua kutokana na maisha yake kwamba mlevi wa Kigezi hakuvutwa na orodha ya makatazo. Katika mafundisho yake, mhubiri anayesimama juu ya wasikilizaji wake na kuwanyooshea kidole ana hatari ya kuwaonyesha kidole chake tu, wasimwone Kristo. Hata hivyo hakufundisha kwamba dhambi ni jambo dogo. Alikuwa tayari kuitaja kwa jina, ilimradi anayeitaja aanze na ya kwake.

Msimamo huo ulikuwa unakaribia kujaribiwa kwa namna ambayo mabishano ya kanisani hayakuweza kuulinganisha.

Askofu chini ya Amin

Idi Amin alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971. Mwaka uliofuata aliwafukuza Waasia, na watu walianza kutoweka. Desemba 1972, Kivengere aliwekwa wakfu kuwa askofu wa dayosisi ya Kigezi, makao yake yakiwa Kabale.

Miezi miwili tu baadaye serikali ilitangaza kwamba watu kadhaa waliotuhumiwa kushirikiana na waasi watauawa hadharani katika miji yao. Watatu kati yao walikuwa wa Kigezi. Kivengere alimwendea Amin mwenyewe kumsihi awahurumie, lakini ombi halikukubaliwa. Tarehe 10 Februari 1973 watu wapatao 3,000 walikusanywa katika uwanja wa Kabale. Askofu alipata ruhusa ya kuzungumza na watatu hao kabla ya kupigwa risasi, akaenda na wachungaji wawili akijiuliza ni neno gani la kumwambia mtu aliyebakiza dakika chache.

Waliposhushwa kutoka kwenye gari, mikono ikiwa na pingu na miguu minyororo, watatu hao ndio waliotangulia kusema. Mmoja alimweleza askofu kwamba alikuwa amempokea Kristo gerezani na amesamehewa, akaomba mkewe na watoto wake wapelekewe habari hiyo. Wengine wawili walisema vivyo hivyo, huku wakiinua mikono yao yenye pingu. Kivengere aliwageukia askari wa kikosi cha kupiga risasi akawatafsiria maneno hayo kwa lugha waliyoielewa. Askari walibaki wameduwaa, kisha amri ikatolewa. Watatu hao walikufa wakiwa wameinua mikono kuiaga halaiki.

Aliyekuja kuwafariji ndiye aliyerudi nyumbani amefarijiwa, na kazi yake pale uwanjani ikawa ile aliyoijua tangu Dodoma, ya kuhamisha maneno kutoka lugha moja kwenda nyingine. Safari hii aliyahamisha kutoka kwa wanaouawa kwenda kwa wanaoua.

Mwaka 1974, Janani Luwum alikuwa askofu mkuu wa jimbo lililojumuisha Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, askari walivamia nyumba yake Namirembe wakitafuta silaha. Maaskofu, Kivengere akiwa miongoni mwao, walimwandikia Amin barua ya kulalamikia uvamizi huo, mauaji na watu kutoweka. Waliandika kwa heshima, lakini hawakuficha jambo.

Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa katika hoteli ya Nile Mansions mjini Kampala. Silaha zilizodaiwa kuwa za njama zilikuwa zimetandazwa hadharani, na hati ya kumhusisha Luwum ikasomwa mbele ya wanajeshi. Maaskofu waliambiwa waende nyumbani, ila askofu mkuu abaki. Kivengere alikuwa miongoni mwa waliokataa kuondoka haraka, wakamngoja nje hadi walipofukuzwa. Kesho yake ilitangazwa kwamba Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Watu wachache waliamini. Waliobahatika kuuona mwili wa askofu mkuu walikuta matundu ya risasi.

Kuvuka mpaka

Kivengere aliporudi Kigezi, watu walimletea habari kwamba wanaomtafuta wameshafika Kabale na kwamba yeye ndiye anayefuata. Waumini walimsihi aondoke, wakisema kifo cha askofu mmoja kinatosha. Yeye na Mera waliondoka usiku wa tarehe 19 Februari. Walikwenda kwa gari hadi barabara ilipowaruhusu, kisha wakapanda milima kwa miguu gizani, wakiongozwa na vijana waliozijua njia. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20, walikanyaga ardhi ya Rwanda.

Asubuhi hiyohiyo, huko Namirembe, maelfu ya waumini walikusanyika kwa ibada kando ya kaburi lililochimbwa kwa ajili ya Luwum. Kaburi lilikuwa tupu, kwa sababu serikali ilikuwa imepeleka mwili Mucwini, kijijini kwao kaskazini mwa nchi.

Kivengere alikuwa salama, lakini moyo wake haukuwa salama. Kila alipohojiwa na wanahabari wa nje alieleza mauaji ya Uganda, na kila alipoeleza, uchungu ulizidi. Alikuja kukiri baadaye kwamba alianza kumchukia Amin, na kwamba chuki hiyo ilikuwa ikimkausha, sala zikakosa uhai na mahubiri yakakosa furaha. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka huo, akiwa London katika kanisa la All Souls, alisikia ikisomwa habari ya Yesu akiwaombea msamaha waliokuwa wakimsulubisha. Alijiuliza kama Amin angekuwa mmoja wa askari wale, je, angetengwa katika sala hiyo? Alijikuta hana namna ya kujibu ndiyo. Pale pale aliomba asamehewe chuki yake, akamsamehe Amin.

Hapo ndipo kilipotoka kitabu alichokiandika kwa msaada wa Dorothy Smoker. Wanaokijua kwa jina tu hudhani kwamba kinampamba mtawala. Aliyekifungua hukuta mauaji yakisimuliwa wazi, pamoja na hofu ya watu na ujasiri wa waliokufa. Kusamehe, kwa Kivengere, hakukuwa kusahau wala kusema kwamba hapakuwa na kosa, kwa kuwa pasipo kosa hakuna cha kusamehe. Ndiyo maana aliweza kumsamehe Amin asubuhi na kumshitaki mbele ya dunia jioni, bila kuona mgongano.

Husimuliwa kwamba aliwahi kuulizwa angefanya nini kama angekutana na Amin huku yeye ameshika bunduki. Alijibu kwamba angemkabidhi Amin bunduki hiyo, maana ni silaha ya Amin, wakati silaha yake yeye ni upendo. Jibu hilo halikuwaridhisha wote. Waliopoteza wazazi na watoto walikuwa na haki ya kuuliza nani atawalipia, na Kivengere hakuwahi kuwaagiza wasamehe kwa amri. Alieleza lililompata yeye, kama yule rafiki wa baiskeli alivyoeleza lake, akamwachia kila mtu nafasi ya kutafakari. Akiwa uhamishoni, pia alichangisha fedha za kuwasaidia na kuwasomesha wakimbizi wa Uganda waliotawanyika katika nchi nyingine.

Kurudi nyumbani

Kampala ilianguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Amin alikimbia, na Kivengere akarudi Kigezi mwaka huohuo. Alikuta nchi iliyoporwa na watu wenye visasi vya kulipa. Ujumbe aliokuja nao ulikuwa mgumu zaidi kuupokea nyumbani kuliko London. Adui hakuwa tena mtawala wa mbali. Sasa alikuwa jirani aliyechongea, askari aliyevua sare, au kijana wa kabila lililohesabiwa kuwa la Amin. Kivengere alihubiri upatanisho, na serikali mpya zilipotumia mabavu hakunyamaza.

Ndani ya kanisa pia alifungua mlango uliokuwa umefungwa. Mwaka 1983 aliwapa wanawake watatu daraja la ukasisi katika dayosisi yake, jambo ambalo Kanisa la Uganda lilikuwa halijalizoea, na alipingwa. Lakini mtu ambaye safari yake ya imani ilitanguliwa na sauti ya binti aliyesimama kanisani, na ambaye kwa miaka 40 aliwasikia wanawake wakishuhudia katika mikutano ya uamsho, hakuona sababu ya kuwanyamazisha madhabahuni.

Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1988 kwa maradhi ya saratani ya damu. Amin alimzidi kwa miaka 15, akafia uhamishoni Saudi Arabia mwaka 2003 bila kufikishwa mahakamani.

Hivyo swali la haki lilibaki bila kujibiwa, na halikubaki Uganda peke yake. Nchi za Maziwa Makuu zimeendelea kujifunza, kwa gharama kubwa, jinsi ilivyo vigumu kutaja uovu kwa jina lake na papo hapo kuzuia chuki isirithiwe na watoto. Kivengere hakuacha sheria wala mahakama ya kulitatua jambo hilo. Aliacha kielelezo cha mtu aliyeanza na makosa yake mwenyewe kabla ya kutaja ya wengine, na aliyepanda baiskeli kwenda maili 50 miaka mingi kabla ya kutakiwa kumsamehe aliyetaka kumuua.